Kutoka Mbezi mpaka kwenye korongo la Ngare Sero

Sisi watu wa Dar tukiambiwa kutoka na marafiki akili inaenda Bagamoyo, Kigamboni au boti ya Zanzibar, na bahari naipenda sana tu, ila safari hii nilitaka sehemu kavu, yenye mawe na kuta ndefu, nitembee ndani ya korongo kama wale jamaa wa Utah na Arizona kule Marekani wanaozama na kamba kwenye mabonde ya jangwani. Kumbe hapahapa nchini ipo, Ngare Sero, pembeni ya Ziwa Natron, na hata kamba huhitaji.

Basi tulipanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, Chalinze, Segera, Same, Moshi, jioni tuko Arusha, barabara ambayo kila mtu anaijua. Kesho yake landikruza mpaka Mto wa Mbu, pale ndo safari yenyewe inaanza, kushoto ukuta wa Bonde la Ufa unakusindikiza njia nzima, kulia vumbi, punda na watoto na mbuzi wao, mpaka unamuona Ol Doinyo Lengai kasimama peke yake, mita 2,962, Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu na ukiuona huwabishii. Ule weupe wa juu sio theluji jamani. Ni lava, na ndo volkano pekee duniani inayotoa lava ya aina ile ya magadi, inatoka nyeusi na inateleza kama oili chafu ya gari, na joto lake ni nyuzi 500 na kitu tu wakati lava za kwingine zinapita 1,000, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe.

Sasa korongo. Mto unatoka nyanda za juu, unaukata ule ukuta wa Bonde la Ufa na kushuka mpaka Natron, kwahiyo nje ni ukame mtupu, jua linachoma mpaka mawe hayashikiki, ila ukiingia ndani tu maji yanakimbia miguuni na mitende imening'inia kwenye kuta. Hakuna njia, njia ni mto wenyewe. Unavuka huku, unapanda jiwe, unavuka tena, mahali pengine maji yanafika magotini na pengine kiunoni, na yanasukuma kweli. Tulivaa raba za zamani zinazoshika, simu shingoni kwenye vile vimfuko vya kuzuia maji vya Kariakoo. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, alikuwa na fimbo, anachoma chini kwanza ndo anakwambia "dada, weka mguu hapa", na mimi naweka hapohapo bila kuuliza.

Kwenye kona moja akasimama akatuonyesha ukutani. Juu ya vichwa vyetu, juu kabisa ambapo hata yeye akinyoosha fimbo haifiki, kulikuwa na vijiti na majani makavu yamejikunja na kukwama kwenye ufa wa jiwe, na tawi moja nene limebanwa humo. Akasema maji ndo yaliyaweka pale. Tukakaa kimya wote tunaangalia lile tawi. Na hapo ndo alipotuambia kwamba kila asubuhi kabla hajaingiza watu anapigia simu ndugu zake wanaochunga kule juu, anauliza mvua.

Hili naomba watu walielewe, maana tunaangalia mawingu ya kichwani kwetu tu. Kwenye korongo la Hell's Gate pale Naivasha, Kenya, mafuriko ya ghafla yalichukua watu 7 mwaka 2012, na 2019 tena 7. Antelope Canyon kule Arizona mwaka 1997 walikufa watalii 11, mvua yenyewe ilinyesha mbali. Ardhi kavu ya mawe hainywi maji, yote yanakimbilia kwenye korongo, na ukiwa ndani huna pa kutokea.

Maporomoko tuliyafikia, tukakaa chini yake mpaka tukatetemeka, raha ambayo siwezi kuielezea vizuri.

Kesho yake tulipanga kurudi tena korongoni, mwongozaji akaongea na simu yake halafu akasema leo hapana. Mmoja wetu, kaka wa Kimara, hakuelewa, "mbona jua linawaka hivi?" Akajibiwa kwa upole tu, "jua ni la hapa kaka, mvua iko juu, na yale maji yanashukia hukuhuku." Tukaenda kuona nyayo badala yake, karibu na ziwa, zaidi ya 400 za watu waliotembea bila viatu kwenye majivu ya volkano yenye matope, ni za kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi iliyopita. Watafiti waliandika mwaka 2020 kwamba 17 kati yao walikuwa kundi moja linaenda pamoja, wengi wanawake. Dada wa Tabata alichuchumaa kwenye unyayo mmoja akawa anahesabu vidole, vyote vitano vinaonekana.

Jioni mto haukujaa kivile, ulibadilika rangi tu ukawa wa kahawia, na kaka wa Kimara akaanza, si tungeenda tu. Mimi nakataa mpaka leo, na tulibishana hiyo mada kuanzia Moshi mpaka Chalinze. Yule kijana anaujua ule mto na tawi lile ukutani nililiona kwa macho yangu. Sasa kaka mwenyewe ndo anachangisha hela ya kurudi, kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, na namba ya mwongozaji kaichukua yeye.