Boriti nne za chumba cha bibi

Dari ya chumba cha bibi, nyumbani kwetu Lamu, ilianza kumwaga unga mweupe kitandani. Mama alisema ni chokaa ya zamani, nifagie tu. Nikafagia wiki mbili, hadi nilipopanda ngazi nikaichoma boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Katikati ya boriti ileile haikupenya hata kidogo, maana mkoko ni mti mgumu. Uozo wote ulikuwa kwenye kichwa, ndani ya ukuta, jicho lisipofika.

Juu ya boriti zetu kumepangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe kuna zege ya chokaa. Tulipopima, unene wote ulifika sentimita 25, yaani karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba. Sikuthubutu kugusa mti hata mmoja peke yangu. Nikamwita fundi mzee anayezijua nyumba za mawe.

Hakuanza na boriti. Alipanda juu ya nyumba, akakuta mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya mvua, umezibwa na majani ya mwarobaini na maji yamekuwa yakituama kando ya ukuta. Kisha akashuka kichochoroni, akaugonga ukuta tulioupiga lipu ya saruji miaka ya nyuma, tukijua tunauimarisha. Chokaa hupumua, saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Akaniambia, "Mwanangu, ukibadilisha mti usiondoe maji, utaniita tena."

Basi Januari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, tukabandua saruji yote, kisha tukauacha ukuta ukauke wiki tatu. Kungoja huko kulinitesa kuliko kazi yenyewe.

Boriti nilinunua kwa muuzaji mwenye kibali, kwani mikoko haikatwi ovyo. Tukatandika mbao nene sakafuni, tukasimamisha nguzo, tukalaza mihimili miwili chini ya boriti na kukaza kwa kabari. Fundi alisisitiza tuishikilie dari tu, tusiinyanyue, maana zege ya chokaa ukiilazimisha hupasuka. Tukatoa boriti moja, tukaweka moja, ndipo tukagusa ya pili.

Nilikuwa nikijiuliza mti mrefu kuliko chumba utaingiaje. Kumbe tundu la upande mmoja huchimbwa zaidi: unausukuma mti humo mpaka ncha ya pili ipite, kisha unaurudisha ukae kwenye kuta zote mbili. Kuzunguka kila kichwa tuliacha nafasi ya kidole ili hewa ipite. Jirani alinishauri nipake oili chafu kuzuia mchwa. Fundi alikataa, hiki ni chumba cha kulala watu. Kati ya boriti kumi na moja tulibadilisha nne. Ya tano ilikuwa imeoza kidogo tu, tukaipa mwenzake ubavuni.

Ukuta wa nje tuliupiga lipu ya chokaa na mchanga, nami nikawa nautundikia magunia mabichi kila asubuhi usikauke upesi.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilishuka usiku. Nilipanda juu na tochi, nikayakuta maji yakitoka kwa mlizamu na kuanguka kichochoroni, mbali na ukuta. Niliposhuka, mama alikuwa anakivuta kitanda cha bibi kukirudisha mahali pake.