Monita ya zamani imeingia giza? Chukua tochi kwanza

Monita bapa ya zamani, ile yenye tundu la buluu la VGA na mirija myembamba ya taa nyuma ya kioo, ina ugonjwa mmoja unaowafanya watu waitupe bure. Unaiwasha, picha inatokea sekunde mbili, halafu giza. Taa ya kwenye swichi inabaki kijani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla ya kuizika, zima taa za chumba, washa tochi kali na uilaze karibu na kioo, mwanga upite kwa mshazari. Tazama bila haraka. Ukiona kwa mbali mistari ya dirisha au mshale wa kipanya, picha ipo. Kioo ni kizima, bodi inayochakata picha ni nzima, kilichozimika ni mwanga wa nyuma tu.

Mirija hiyo huwashwa na inveta, ambayo hupandisha umeme kupita volti 1,000 ili kuiamsha, kisha huishikilia kwenye volti mia kadhaa. Inveta hujilinda: mrija mmoja usipovuta umeme inavyotakiwa, inakata yote. Ndiyo maana ya zile sekunde mbili. Huenda mrija umechoka au plagi yake imelegea, lakini wa kushukiwa kwanza ni kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi chaji, za bodi ya umeme, hasa kama siku za nyuma monita ilikuwa inachelewa kuwaka ikiwa baridi, au inahitaji kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa ndipo ishike.

Ukifungua, chomoa waya wa ukutani kwanza, na usiguse bodi hata hivyo. Ile kapasita moja nene kuliko zote inaweza kushikilia zaidi ya volti 300 baada ya kuchomoa. Ipunguzie chaji kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri; gusisha ncha za rezista kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kumi hivi, kisha pima kwa mita hadi usomaji ukaribie sifuri. Kuipiga shoti kwa bisibisi ni kujitafutia cheche na bodi iliyoungua.

Sasa angalia kapasita ndogo za upande wa bodi unaotoa umeme mdogo. Juu ya kila moja kuna kifuniko cha bati chenye mikato ya msalaba au herufi K. Kinapaswa kuwa bapa kabisa. Kikiwa kimetuna hata kidogo kama mgongo wa kijiko, au chini yake kuna ute wa kahawia uliokauka, hiyo imekwisha. Nyingine hufa bila kuvimba, kwa hiyo ukikuta moja mbovu, badilisha zote za kundi hilo. Piga picha bodi kabla ya kung'oa chochote. Thamani za kawaida hapo ni mikrofaradi 470 na 1000, volti 25, lakini fuata kilichoandikwa kwenye ile unayoitoa: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, joto la nyuzi 105, na iwe ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani. Ya kawaida itawasha monita leo na kufa mapema. Pima unene na kimo pia, maana kifuniko cha nyuma kina nafasi finyu. Mstari ubavuni ni upande hasi, ukiigeuza, itapasuka.

Tochi isipoonyesha kitu, chomoa kebo ya VGA monita ikiwa imewaka. Ikileta ujumbe wake yenyewe kwamba hakuna mawimbi, na ujumbe ukakaa, basi tatizo liko kwenye kebo au kompyuta.

Rangi zikienda kombo, fungua menyu ya monita. Rangi za menyu hutengenezwa ndani ya monita, hazipiti kwenye kebo. Menyu ikiwa sawa na picha imegeuka manjano, rangi ya buluu haifiki. Picha ikiwa na uzambarau wa waridi, isiyofika ni kijani. Ikiwa ya samawati, isiyofika ni nyekundu. Nyekundu, kijani na buluu hupita pini 1, 2 na 3, kwa mpangilio huo, na pini iliyopinda hunyooshwa taratibu kwa koleo jembamba. Pini 9 haipo kabisa kwenye kebo nyingi, usiitafute. Uwaridi hafifu unaotanda hadi kwenye menyu, na unaopungua monita ikipata joto, ni uzee wa mirija.

Maandishi yenye ukungu karibu kila mara ni mipangilio. Monita nyingi za inchi 17 na 19 za umbo la karibu mraba zinataka nukta 1280 kwa 1024, hezi 60. Kipimo kingine chochote kitatia ukungu. Baada ya hapo fungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi na ubonyeze kitufe cha kujirekebisha (Auto). Kukibonyeza picha ikiwa nyeusi kunaipa monita kingo za uongo. Ikibaki mikanda ya wima yenye ukungu, rekebisha mpangilio uitwao Clock kwenye menyu ya monita. Herufi zikitetemeka, rekebisha fezi (Phase) kwenye menyu hiyohiyo.

Mstari mmoja wa wima wenye rangi, unaokatiza hata menyu na kubadilika ukibinya fremu, ni kiungio kati ya utepe wa nyaya na kioo. Hicho hakilehemiki. Ukiamua kuibomoa kwa ajili ya vipuri, okoa bodi ya umeme na inveta, na mirija itoe bila kuivunja, kwa kuwa ndani yake kuna zebaki.