Jedwali la Tantoo Cardinal: nilipofikia

Jedwali langu la kazi za Tantoo Cardinal limevuka miaka ya 1990, na safu mbili nilizoziongeza katikati ya kazi zimeanza kuonyesha mambo ambayo orodha za kawaida za filamu hazina nafasi ya kuyasema.

Kwa anayeingia leo: Cardinal ni mwigizaji wa Kanada mwenye asili ya Cree na Métis, jamii mbili za wenyeji asilia wa nchi hiyo. Alizaliwa mwaka 1950 Fort McMurray, kaskazini mwa jimbo la Alberta, akalelewa na bibi yake Anzac, kijiji kidogo cha huko huko. Kwenye kamera aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nusu karne baadaye alikuwa bado anafanya kazi na waongozaji wakubwa kabisa. Mimi ninaishi Edmonton, mji aliosomea sekondari. Jina lake hapa linafahamika, lakini kila ninayemuuliza amemwona wapi ananitajia filamu ya Kevin Costner, Dances with Wolves, halafu anakwama. Mtu aliyeigiza miaka yote hiyo hastahili kukumbukwa kwa filamu moja. Ndiyo maana nikaanza kutazama kazi zake kwa kufuata miaka, nikiandika kwa Kiswahili.

Jedwali lilianza na safu za kawaida: mwaka, kazi, jina la mhusika, mwongozaji. Nilipofika Black Robe ya mwaka 1991 nikaona hazitoshi. Filamu ile, aliyoiongoza Bruce Beresford, inamfuata padri Mjesuiti akisafiri kwa mtumbwi ndani ya Kanada ya karne ya 17. Cardinal yumo tangu mapema. Yuko mtumbwini, yuko kambini, anakula, anabeba, anamwangalia yule padri kwa shaka ya mtu aliyeona mengi. Majina yanapopita mwishoni, ameandikwa kama mke wa Chomina, mwenyeji asilia anayemsindikiza padri. Mume ana jina, binti ana jina, yeye hana.

Hapo nikaongeza safu ya kwanza, inayouliza mhusika ni nani wa nani: mke wa fulani, mama wa fulani, au mtu anayesimama kwa jina lake. Ya pili inauliza hadithi inatazamwa kwa macho ya nani. Nimerudi nyuma kuzijaza kwa kila kazi niliyokwisha kuitazama, na sasa ninaweza kusoma maisha ya kazi ya mwanamke huyu kwa kushuka na safu hizo mbili tu.

Dances with Wolves, 1990. Iliteuliwa kuwania Oscar 12, ikachukua 7. Cardinal ni Black Shawl, mke wa Kicking Bird, ambaye aliigizwa na Graham Greene. Macho ni ya mwanajeshi Mzungu, hilo halina ubishi. Lakini itazameni tena sehemu ambayo mume na mke wamelala ndani ya hema lao usiku, na mke anamfahamisha mumewe jambo ambalo kijiji kizima kimekwisha kuliona: yule mwanajeshi na mama mmoja mjane wa pale kijijini wanapendana. Mume ndiye mtu wa hekima wa kabila, na hajui. Cardinal hapandishi sauti. Anasema kama mke aliyekaa na mtu miaka mingi, anayejua mumewe atapinga kidogo, atafikiri, kisha atakuja kule kule alikotaka yeye. Anampa nafasi ya kufika mwenyewe. Sehemu ile ni fupi, lakini bila hiyo ndoa ya wahusika wakuu haifungwi.

Jambo jingine kuhusu filamu hiyo ni lugha. Wahusika wanazungumza Kilakota, lugha ya kabila la Lakota, na walifundishwa na Doris Leader Charge, mwalimu wa lugha hiyo aliyepewa pia nafasi ya kuigiza humo. Cardinal si Mlakota. Ni kama kumpa Mdigo uhusika wa mama wa Kikurya na kumtaka aseme Kikurya kitakachokubaliwa na Wakurya wenyewe. Katika Killers of the Flower Moon alirudia kazi ya namna hiyo, safari hii kwa lugha ya Waosage, kabila jingine la wenyeji asilia wa Marekani. Safu ya lugha sijaiweka bado kwa sababu nataka kuijaza kwa uhakika, lakini itakuwepo.

Legends of the Fall ya mwaka 1994, aliyoiongoza Edward Zwick, nimeipitia haraka. Cardinal ni Pet, mke wa Decker, anayefanya kazi katika nyumba ya kanali. Filamu inasema tuko Montana, ila sehemu kubwa ya mandhari yake ni Alberta, kwa hiyo milima ile mtu wa huku anaitambua. Nafasi yake ni ndogo. Katika Dr. Quinn, Medicine Woman alikuwa Snowbird, na katika North of 60 ya CBC, televisheni ya taifa ya Kanada, alikuwa Betty Moses. Hii ya mwisho ilionyeshwa kuanzia 1992 hadi 1997, ikihusu kijiji cha kubuni cha wenyeji asilia kaskazini mwa Kanada, na imenivuta zaidi. Watu wake wanafanya kazi, wanagombana, wanajaribu kuacha pombe, wanaishi katika miaka yao hiyo hiyo ya 1990. Baada ya mfululizo wa filamu zilizowaweka wenyeji asilia katika karne zilizopita, kumwona Cardinal amevaa koti la kawaida na kuzungumzia mambo ya wiki hiyo kulinifurahisha sana.

Sasa nirudi nyuma hadi Loyalties ya mwaka 1986, maana ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko zote za kipindi chake cha mwanzo. Mwongozaji ni Anne Wheeler, mzaliwa wa Edmonton, na hadithi iko Lac La Biche, mji mdogo kaskazini-mashariki ya hapa. Daktari Mwingereza anahamia huko na familia yake, na mkewe Lily, aliyeigizwa na Susan Wooldridge, anamwajiri mama mwenye watoto aitwaye Roseanne Ladouceur amsaidie kazi za nyumbani. Roseanne ndiye Cardinal.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye dada wa kazi tunajua mhusika wa aina hii huwekwaje kwenye tamthilia: ananyenyekea, analia, au anachekesha. Roseanne hafanyi lolote katika hayo. Anafanya kazi yake, anamtazama mwajiri wake usoni, anacheka kwa sauti, na anakataa asichokitaka. Urafiki wa wanawake wale wawili unajengwa polepole, jikoni na kando ya ziwa, hadi unaanza kuamini kwamba utaweza kuvuka tofauti ya rangi na ya pesa. Halafu jambo ambalo familia ya daktari imelikimbia kutoka Uingereza linajitokeza tena, na anayeumizwa ni binti yake Roseanne. Kuanzia hapo Cardinal anaigiza hasira kwa namna ambayo sijaiona kwa mwigizaji mwingine. Hasira yake ina shabaha, na anajua hasa inapokwenda. Aliteuliwa kuwania Genie, iliyokuwa tuzo kubwa ya filamu Kanada wakati huo. Kwenye safu ya macho nimeandika majina mawili, Lily na Roseanne, na katika kazi zake za miaka ile hiyo ni mara chache mno.

Smoke Signals ya mwaka 1998 ndiyo inayobadilisha rangi ya jedwali. Kabla ya hapo, safu ya mwongozaji imejaa watu wa nje wanaowatazama wenyeji asilia, wengine kwa upendo mkubwa. Hapa mwongozaji ni Chris Eyre, Mcheyenne na Marapaho, na mwandishi ni Sherman Alexie. Cardinal ni Arlene Joseph, mama wa kijana anayekwenda kuchukua majivu ya baba yake aliyewakimbia. Ukiangalia safu yangu ya kwanza, bado ni mama wa fulani. Lakini hapa umama una historia. Arlene alikunywa pombe na mumewe, akaamka siku moja akaamua basi, akaacha kweli, na uamuzi huo ndio uliovunja nyumba na ndio uliomwokoa mtoto. Kuna na kisa cha mikate yake ya kukaanga: watu 100, mikate 50, naye anaipasua nusu kwa nusu juu ya vichwa vya watu kama anafanya ibada. Ukimwona usoni pale unajua mama huyu amewahi kugawa kidogo kilichopo mara nyingi.

Kuna jambo moja la nje ya skrini ambalo nimelipa mstari wake. Agosti 2011 alikamatwa Washington, mbele ya Ikulu ya Marekani, pamoja na Margot Kidder, mwigizaji mwenzake wa Kanada, wakipinga bomba la Keystone XL. Bomba lile lilikusudiwa kubeba mafuta ya mchanga wa Alberta, na machimbo makubwa ya mafuta hayo yako kwenye eneo la Fort McMurray, alikozaliwa. Miaka miwili nyuma alikuwa amepewa nishani ya Order of Canada. Kwangu mimi mambo haya yanakaa pamoja bila kugombana: mtu ana nchi, na kwa sababu ni yake anasimama kuitetea.

Kisha Falls Around Her, 2018, ya Darlene Naponse, mwongozaji wa Anishinaabe, jamii nyingine ya wenyeji asilia, aliyeipiga filamu kwenye jumuiya yake mwenyewe karibu na Sudbury, Ontario. Cardinal alikuwa anakaribia miaka 70, na hapa ndipo alipopewa filamu nzima aibebe. Mary Birchbark ni mwanamuziki maarufu anayeondoka jukwaani na kurudi kuishi peke yake kando ya maji, huku akihisi kuna mtu anamfuatilia. Anapasua kuni, anavua samaki, ana mwanamume anayempenda na anampenda kwa masharti yake. Safu ya kwanza: Mary Birchbark. Safu ya pili: Mary Birchbark. Nilipoyaandika majina hayo mawili sambamba nilifurahi kuliko nilipoandika jingine lolote.

Nimemaliza pia Killers of the Flower Moon ya mwaka 2023. Martin Scorsese amempa nafasi ya Lizzie Q, mama mgonjwa wa Mollie, mwanamke wa Osage; huyo Mollie ameigizwa na Lily Gladstone. Ni mama wa fulani tena, na muda wake ni mfupi, lakini safari hii kamera inaingia ndani ya macho yake: anamwona bundi akiingia chumbani, na anapokufa tunaona anachokiona yeye, wazee wake wakija kumpokea, naye anainuka na kwenda nao akitabasamu. Wengine waliobaki chumbani wanaona maiti. Katika filamu ya karibu saa tatu na nusu kuhusu Wazungu wanaowaua Waosage kwa ajili ya mafuta, dakika ile ni ya Lizzie peke yake. Kwenye safu ya macho nimeandika jina lake na kuweka alama, kwa sababu Cardinal wa 1991, mke wa Chomina asiye na jina, hakupewa kitu kama hicho.

Zilizobaki ni za televisheni zaidi: Stumptown, alimokuwa Sue Lynn Blackbird, mama tajiri anayeendesha kasino, Three Pines, na Echo ya mwaka 2024, alimokuwa bibi yake Maya Lopez, mhusika mkuu. Vipindi vya North of 60 nilivyovipata havijakamilika, kwa hiyo mistari yake nimeiacha wazi.

Nimeulizwa aanzie wapi mtu mwenye muda mchache. Anza na Loyalties, ujue ana nguvu gani. Fuatisha Smoke Signals. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja Falls Around Her, uitazame bila kukatiza. Ile ya Costner iweke mwisho. Sehemu ya hemani utaiona kwa macho mengine kabisa.