Magoli sita, lango moja

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013 nilifika Uwanja wa Taifa saa sita mchana, na mechi ilikuwa ya jioni. Nilikuwa nawahi kizibao. Siku ya Simba na Yanga wapiga picha huwa wengi kuliko vizibao, na asiye na kizibao hashuki kwenye nyasi hata kama kitambulisho chake ni halali. Nilipata kimoja chenye chumvi ya jasho la mtu mwingine mgongoni, nikakivaa hivyohivyo, nikaenda kushika nafasi nyuma ya lango.

Kushika nafasi maana yake ni kutoondoka. Ukienda kutafuta maji, ukirudi unakuta mwenzako amekaa. Viti havipo. Kinachozunguka uwanja ule ni njia ya riadha, na ule mpira uliotandikwa juu yake hunyonya jua tangu asubuhi hadi suruali haisaidii kitu. Wazoefu huja na vigoda vya plastiki. Mimi nilikalia begi la kamera. Shingoni nilikuwa na lenzi ya milimita 70-200 niliyoiazima kwa rafiki anayepiga picha za harusi, na ilitakiwa irudi usiku uleule. Wa mashirika makubwa walikuwa na lenzi za 400, wanaona hadi lango la pili bila kunyanyuka. Kwa lenzi yangu, mchezaji aliye upande wa pili, mita mia na ushee, anatoka kwenye picha kama punje ya mchele.

Sikuwa mwajiriwa. Gazeti lilinilipa kwa picha iliyochapishwa, shilingi elfu tano kwa kila moja. Ukipiga mia tano wakatumia moja, ni elfu tano, na nauli ni yako.

Kipindi cha kwanza Mungu alinipendelea. Yanga walikuwa wanashambulia lango nililokaa. Dakika ya 15 Mrisho Ngassa akafunga, yeye ambaye msimu uliotangulia alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Simba, na nikamnasa akikimbia huku mdomo wazi. Hamis Kiiza akaongeza la pili, kisha la tatu karibu kabisa na mapumziko. Yote mbele ya macho yangu.

Mapumziko, kabla timu hazijabadilishana malango, ni dakika 15 kwa wachezaji. Kwa mpiga picha hizo ndizo dakika za kazi ngumu kuliko zote. Nilitoa kadi ya kamera, nikafungua kompyuta mapajani, nikaifunika kwa shati ili nione kioo kwenye lile jua, nikachagua picha tatu, nikaandika maelezo, nikachomeka modemu. Mtandao ulikuwa umelemewa. Uwanja mzima uko kwenye simu. Picha ya Ngassa ilikwenda asilimia 40 ikakatika. Nikaanza upya. Toleo la mikoani huingia mitamboni mapema, halimsubiri mtu. Ilipopita, mhariri akapiga simu.

"Hamia upande wa pili. Yanga leo wanafikisha tano."

Pembeni yangu alikaa mpiga picha wa gazeti jingine, mtu mzima aliyekuwa akipiga picha za mpira tangu enzi za filamu. Sote tulimwita Mzee. Aliponiona nafunga begi akasema, "Mdogo wangu, kaa. Simba wamepigwa tatu, watakuja hapa."

"Mzee, bosi ameagiza."

"Bosi yuko ofisini."

Nikaenda. Nilikuwa kibarua, na kibarua hambishii mhariri kwenye simu. Nilipokuwa nazunguka njia ya riadha, mashabiki wenye jezi nyekundu walikuwa wanashuka ngazi kuelekea mageti.

Dakika ya 54 Betram Mombeki wa Simba akafunga. Niliona nyavu zikitikisika kule mbali, nikabonyeza, nikapata punje za mchele. Dakika nne baadaye, Joseph Owino. Nikanyanyuka. Mtu wa usalama akanyoosha mkono kifuani mwangu: mpira ukiwa unachezwa hakuna kuhama. Nikamwomba kwa heshima zote, nikamwonyesha kizibao, nikamwambia nitapita nyuma kabisa. Akasema nikae, la sivyo atanitoa nje. Alikuwa anatekeleza alichoagizwa, kama mimi.

Nikakaa. Mwandishi akikosa goli atamuuliza jirani yake, atatazama marudio, na kesho habari yake itasomeka vizuri. Mimi nikilikosa, nimelikosa. Hakuna wa kunisimulia picha.

Dakika ya 85 Gilbert Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu. Sijawahi kusikia kelele kama ile, niliisikia kwenye meno. Mbele yangu alikuwapo mtu mmoja tu, kipa wa Simba. Wenzake wote walikuwa wamerundikana kule. Alipiga magoti, akanyanyua mikono yenye glavu, akawa anageuka huku na huku hana wa kumkumbatia. Nilimpiga picha hadi kadi ikagoma.

Baada ya filimbi ya mwisho nilimkuta Mzee ameinama kwenye kompyuta yake. Sikumwomba kitu. Alinitazama usoni, akauliza, "Umekosa yote matatu?" Nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa na fremu tisa za goli la Kaze. Aliituma moja gazetini kwake, kisha akanyoosha kiganja nimpe kadi yangu, akanipakilia nyingine. Halafu akataka aone za kwangu. Akasimama kwenye ile ya kipa, akaikuza mpaka glavu zikajaa kioo.

"Hii tuma."

Nilituma zote mbili, na nikampigia mhariri kumwambia ya Kaze si yangu, aweke jina la mwenyewe. Akajibu kuwa hawezi kuandika jina la mtu wa gazeti pinzani, na muda umekwisha. Ya kipa hakuitaka, alitaka goli.

Jumatatu picha ya Kaze ilikuwa ukurasa wa mbele, kubwa, bila jina chini yake. Mwisho wa mwezi nilihesabiwa picha mbili za mechi ile, ya Ngassa na moja ya Kiiza, shilingi elfu kumi. Ya Kaze hakulipwa mtu.