Mdimu wangu una viwavi na sipigi dawa tena

Nianze na mdimu manake ndo chanzo cha yote. Nyuma ya nyumba yetu hapa Lamu, upande wa Langoni, tuna kiwanja kidogo, ukikipima kwa miguu ni kama hatua kumi na tano kwa nane hivi, na zamani kilikuwa cha kutupia vifusi na mawe tu, mti ulikuwa mmoja, huo mdimu aliopanda marehemu baba. Miaka minne iliyopita nikasema nakifanya bustani. Bustani iliyokuwa kichwani mwangu ni ile ya hotelini, nyasi zimekatwa sawasawa, maua yamejipanga foleni, jani halianguki chini likalala. Basi kila asubuhi nikifagia mpaka mchanga unabaki mtupu, utando wa buibui nikiuona nautoa kwa ufagio, na siku nilipoona majani ya mdimu yametafunwa na juu yake kuna vidude kama kinyesi cha ndege kilichoganda, nikenda dukani nikaomba dawa kali kuliko zote, nikapiga. Wiki iliyofuata nikapiga tena.

Viwavi walikufa kweli. Lakini haukupita mwezi vichipukizi vya mdimu vikajaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kunyonya, majani yakajikunja yakawa yananata, chungu wakapanda foleni kuja kulamba ule utamu. Kumbe ile dawa ilikuwa imeua pia vile vidude vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, ambavyo kazi yao ni kula vidukari, na vidukari wanazaana haraka kuliko maadui zao, kwa hiyo wao ndo waliorudi wa kwanza wakakuta uwanja mtupu. Mti ulikuwa na hali mbaya kuliko kabla sijaununulia dawa.

Kitu kilichoniuma zaidi lakini ni chozi. Si mnawajua chozi, wale ndege wadogo wa mdomo mwembamba uliopinda, dume lake likipigwa na jua linameremeta kama kitambaa cha harusi. Walikuwa wameanza kusuka kiota kwenye asumini, kama mfuko mdogo unaoning'inia, na baada ya dawa sikuwaona tena msimu mzima. Siwezi kuapa kwamba ni dawa. Ila nilipoanza kusoma kuhusu chozi nikajua vitu viwili vilivyoninyima usingizi: cha kwanza, hata kama wao wenyewe wanakunywa asali ya maua, watoto wao wanawalisha wadudu na buibui, na cha pili, kile kiota wanakifunga kwa utando wa buibui. Yaani mimi na ufagio wangu na bomba langu la dawa nilikuwa nimewaondolea chakula cha watoto na kamba ya kujengea kwa pamoja, halafu nakaa barazani nangoja ndege waje kunipambia bustani.

Basi hapo ndo nikaacha.

Wale wa kinyesi cha ndege ni viwavi wa kipepeo mkubwa wa rangi nyeusi na manjano ambaye hutaga kwenye jamii ya ndimu na machungwa. Wakiwa wadogo wanajifanya kinyesi ili ndege wasiwale, wakikua wanageuka kijani wanalingana na jani kabisa, na ukimgusa mmoja kichwani zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, mpwa wangu wa miaka saba hachoki na mchezo huo, mpaka nimemwekea sheria ya mara moja tu kwa kila kiwavi. Halafu anajifunga kwenye kijiti, anakaa ndani ya kifuko kama wiki mbili, siku moja asubuhi unakuta kifuko kitupu. Mti mkubwa hauumii kwa kuliwa majani mawili matatu, wetu unazaa ndimu mpaka tunagawa kwa jirani. Mche mdogo ndo wa kuangalia, huo nawahamisha kwa mkono nawapeleka kwenye mti mkubwa. Na kule Gede, karibu na Malindi, tangu 1993 kuna mradi unaitwa Kipepeo, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, vile vifuko vinauzwa nje kwa nyumba za maonyesho. Watu wanapanda majani makusudi ili viwavi wale, wapate ada ya shule za watoto, na mimi nilikuwa nalipa pesa kuwaua.

Sasa udongo. Kiwanja chetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji ukimwaga yanapotea hapo hapo. Lakini huu ni mji wa punda, samadi haijapata kuwa tatizo, mzee mmoja mwenye punda wa kubeba mawe ananiletea gunia kila nikimwambia na hataki hata shilingi. Kosa nililofanya mwanzo ni kuitia mbichi. Mbichi ina moto, inaunguza mizizi, na imejaa mbegu za nyasi walizokula hao punda. Siku hizi nailundika pembeni na majani makavu, nafunika kwa makuti, namwagia maji kidogo, baada ya miezi mitatu inakuwa nyeusi na inanukia kama ardhi ya mvua. Chini ya miti natandaza makumbi ya nazi, yanashika unyevu, na ukiyainua unakuta dunia nzima, jongoo, nyungunyungu, chura amejibana. Ndo maana sifagii tena majani chini ya miti. Nafagia njia na mlangoni tu. Na tafadhali msichukue mchanga wa ufuoni kujaza bustani, una chumvi, nimeona watu wakiua miche hivyo.

Kwenye kupanda sikwenda mbali, nilirudi kwenye vitu ambavyo bibi zetu walikuwa navyo uani. Asumini, ambayo inafunguka jioni na harufu yake inaita nondo usiku. Mrihani, na huu nimeugawa nusu kwa nusu, nusu nakata kwa ajili ya kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia cha kujipamba, na nusu naacha utoe maua, manake nyuki wanaupenda sana huo. Mkomamanga kwa chozi. Mshubiri pia, ukichanua ule mkonga wake wa maua chozi wanagombana juu yake toka alfajiri. Hibiskasi nyekundu nayo, ambayo chozi wengine hawahangaiki kuingia mdomoni mwa ua, wanalitoboa ubavuni wanyonye asali. Mpapai uko mmoja, na papai la juu kabisa sichumi, hilo ni la ndege wanaoitwa shore, na wanajua. Mwarobaini sijapanda ingawa kila mtu ananishauri, ndege wanaimwaga mbegu zake kila mahali na huku pwani unaota wenyewe mpaka unabana miti ya kienyeji, najiombea majani kwa jirani nikihitaji.

Maji ndo hesabu kubwa. Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi, na maji matamu tunayojivunia yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, mvua inachujika mle inakaa chini, kwa hiyo kila nikisikia mtu anataka kujenga juu ya vile vilima moyo unaniruka, wallahi. Hapa nyumbani maji ya udhu hayana sabuni, tumeweka karai chini ya bomba la kutawadhia na yote yanakwenda kwenye asumini. Watu watano mara tano kwa siku, piga hesabu mwenyewe.

Nimeweka pia maji ya wanyama. Ya ndege ni sahani ya udongo iliyoning'inizwa kwenye boriti ya mkoko, juu, kwa sababu ya paka, Lamu ina paka kuliko watu nahisi, na sahani ikiwa chini ni kama unawategea ndege. Ndani nimeweka jiwe ili nyuki wapate pa kutua wasizame. Chini kuna birika dogo la mawe, na hapo watu wanaogopa mbu, lakini si ndo hekima iliyokuwa kwenye mabirika ya vyoo vya nyumba za zamani? Wazee walikuwa wanaweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Na mimi nimeweka sita. Kerengende pia wanakuja, hasa kaskazi ikianza kuvuma, na wataalamu wanasema wapo kerengende wanaovuka bahari toka Uhindi kwa upepo huo huo uliokuwa ukileta majahazi.

Jirani yangu mmoja alikuja juu kweli. "Mwanangu, ufagie huko, utatuletea nyoka." Na sikumpuuza, ana wajukuu wadogo. Nilichofanya ni kusogeza lundo la mawe na la samadi mpaka ukuta wa mwisho, hatua mbili za karibu na mlango wake na wetu ziko wazi kabisa, na takataka za jikoni zenye nyama au samaki haziingii kwenye lundo maana zinaita panya, na panya ndo anaita nyoka. Mabaki ya samaki yakiachwa wazi yanaleta pia kunguru, wale waliotoka Uhindi wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kunguru wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni 1. Mimi uwezo wangu ni kufunika ndoo ya taka, naifunika.

Chozi walirudi mwaka wa pili. Si kwenye asumini, walijenga kwenye waya wa kuanikia nguo, karibu na mlango wa jiko, na mama akatuhamisha sote tukaanika nguo juu ya paa mwezi mzima. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na chai namuangalia jike akienda kwenye kona ya ukuta ambapo zamani ufagio wangu haukuwa ukikosa, anang'oa utando, anarudi nao mdomoni.

Leo asubuhi mpwa wangu kahesabu viwavi kumi na moja kwenye mdimu, saba wa kinyesi na wanne wa kijani. Mmoja ameshaanza kujifunga kwenye kijiti cha chini, na mtoto ameniambia nisimwagilie upande huo mpaka yeye arudi kutoka madrasa.