Bolika

Kidole chake kilikuwa bado mstari wa tatu, mdomo ulishafika wa tano. Mimi sikuona. Aliyeona ni yule mama aliyekuwa anampima kusoma.

Ilikuwa 2022, kwenye baraza la nyumba moja huko Nguba, mtaa wa Bukavu, Kongo, mvua ikinyesha juu ya ziwa. Nilikuwa nimempeleka mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na miaka tisa, amerudilia darasa la tatu, na buletini yake ilikuwa wino mwekundu kuanzia Kifaransa hadi hesabu. Mwalimu wake, ambaye darasa lilimfurikia tangu shule za msingi za serikali ziwe bure mwaka 2019, alikuwa na neno moja tu juu yake: mvivu. Nami, niseme ukweli, niliamini. Hata fimbo yangu iliamini.

Kilichonitatiza ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jumamosi tulikuwa tunaziuza pamoja soko la Kadutu. Mteja akibeba makopo matatu, kila kopo franka 2500, akatoa noti ya 10000, mtoto alikuwa amesharudisha 2500 kabla sijafuta mikono. Mvivu wa namna gani huyo?

Yule mama hakuanza na kitabu. Alitutuma kwanza tukapime macho, tukapime masikio, tulete na madaftari ya mihula miwili. Tuliporudi akampa ukurasa wa kitabu chake cha shule, naye akasoma kama padri kwenye misa. Ndipo mama akafunika picha, akagusa neno moja katikati. Kimya. Ukurasa mzima alikuwa ameumeza.

"Sema paka, halafu ondoa ile p ya mbele. Inabaki nini?"

Mtoto akawaza sana. "Panya?"

Kisha yakaja maneno ambayo hayapo duniani: tefu, munzo, bolika. Alinieleza kwamba yanafaa kwa sababu hayana maana. Hakuna aliyewahi kuyakariri, na huwezi kuyabahatisha. Lazima uunganishe herufi moja moja. Bolika ikasomwa "bolingo", yaani mapenzi kwa Kilingala cha nyimbo, kwa uhakika wote wa mtoto anayelala jirani na baa. Tulicheka sote watatu.

Nikajitetea: "Mama, labda ni Kifaransa tu. Sisi nyumbani ni Kiswahili."

"Ndiyo maana nampima kwa zote mbili, dada." Kifaransa kinaficha, akasema: andika "eau", herufi tatu, na kinachosikika ni o peke yake. Kiswahili hakina ujanja huo, kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa. Mtoto anayekwama kwa Kifaransa tu, mfundishe Kifaransa. Wetu alikuwa anakwama pande zote, ingawa hadithi aliyosomewa aliisimulia tena bila kuacha hata jina la mbuzi.

Hesabu ndiyo ilinishangaza. Alipoambiwa aandike "septante-trois" aliandika 703. "Sabini na tatu": 703 tena. Lakini alipopewa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, alichukua mafungu saba na vijiti vitatu, haraka kama yuko sokoni. Idadi anaijua, kinachomsaliti ni kuiandika. Na yale maswali ya maneno ya kwenye daftari, yule mama alipomsomea, aliyajibu karibu yote. Miaka miwili tulikuwa tunamwadhibu kwa hesabu ambazo hakuwahi kuzisoma.

Kwenye karatasi aliandika "disleksia", jina la taabu ya kusoma isiyotokana na uvivu, kwa penseli, na alama ya kuuliza pembeni. Asubuhi moja haitoshi, akasema. Afundishwe sauti na herufi, kidogo kidogo kila siku, miezi mitatu, ndipo apimwe upya tuone kama kuna kilichosogea. Juu ya hesabu alikataa kuandika lolote.

Kaka alifika na pikipiki kutuchukua wakati tunamaliza. Mama akamuuliza kama katika ukoo kuna mtu aliyepata taabu ya kusoma, maana mara nyingi jambo hili hutembea katika familia. Kaka akatazama ziwa. Akampokea ile karatasi, kulikuwa na mahali pa mzazi kusoma na kutia sahihi, akanipitishia mimi, kama alivyonipitishia barua na risiti zote tangu tukiwa vijana.

"Dada, nisomee. Miwani nimeisahau nyumbani."

Mtoto akamtazama. "Lakini Papa, wewe hauna miwani."