Pilingi iliniunguza shavu kabla sijaelewana nayo

Mimi chunusi ziliisha zamani ila madoa yake ndo yakagoma kutoka. Nikasikia sifa za pilingi, yaani kupaka asidi usoni ili ngozi ya juu ibanduke, nikaagiza kichupa cha asidi inayoitwa TCA, asilimia 25, mtandaoni, nikajipaka mwenyewe bafuni. Aisee! Haikupita dakika mbili shavu la kushoto likaanza kuwa jeupe, mi nikajua ndo uchafu unatoka, kumbe asidi inagandisha protini za ngozi, yaani kama yai linavyogeuka jeupe kikaangoni.

Siku ya nne ngozi ikaanza kubanduka, kuna kipande kinaning'inia karibu na pua, uvumilivu ukanishinda nikakivuta. Hapo ndo nilijimaliza. Pale pale pakaota doa jeusi la ukubwa wa kucha, jeusi kuliko yale niliyokuwa nayakimbia, miezi minane ikapita bado lipo.

Ndo nikaenda kwa dokta wa ngozi. Maswali yake sasa: una mimba? Unapaka tretinoini, ile krimu ya chunusi? Huwa unaota vidonda vya homa mdomoni? Maana pilingi inaweza kuviamsha. Aspirini inakudhuru? Hilo nilicheka, kumbe asidi ya salisiliki, moja ya asidi za pilingi, na aspirini ni ndugu. Akaniambia ngozi nyeusi ikichokozwa inajibu kwa kumwaga rangi zaidi, kwa hiyo tunaenda na ile ya juu juu tu. Nikaulizia ile kali ya fenoli, akasema sahau, ile inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na ngozi kama yangu inaiachia mabaka meupe.

Tretinoini nikaisimamisha wiki nzima kabla, halafu tukaanza na salisiliki asilimia 20. Inachoma kama pilipili kwa dakika mbili tatu kisha inapoa, ila nilipojiangalia kwenye kioo nikakuta uso mweupe tena, moyo ukanilipuka jamani, nikasema yale yale! Dokta akapitisha kitambaa chenye maji, weupe wote ukatoka, ulikuwa unga tu wa asidi iliyokauka.

Nilifanya mara sita, kila baada ya wiki nne, na sanskrini (krimu ya kukinga jua) SPF 50 kila asubuhi hata kukiwa na mawingu (hapa ndo wengi mnafeli). Ngozi ikibanduka napaka vaselini, mikono naikalia. Madoa mengi yamefifia, vishimo vya chunusi viko pale pale, maana pilingi ya juu juu haivifikii. Lile la kucha bado naliona nikisimama dirishani.